Magazeti ya Picha Juu ya Kabati la Bibi

Watu wakija kwangu Munje siku hizi kuangalia magazeti yangu ya picha, huniuliza swali moja kabla hata hawajaketi vizuri: yalisalimikaje? Mchwa wa huku wanajulikana. Wamekula fremu ya mlango wangu, wamekula cheti changu cha shule na nusu ya picha ya harusi yangu, upande wa bwana harusi. Lakini magazeti ya miaka ile ya uhuru hawakuyagusa. Mimi huwajibu kwamba nilikuwa mtunzaji hodari tangu utotoni, nao hutikisa vichwa kwa heshima. Jibu hilo si la kweli. Sasa waliokuwa na sababu ya kunikasirikia wametangulia wote, basi naweza kusema ilivyokuwa.

Nilianza kukusanya nikiwa msichana wa miaka kumi hivi. Mjomba wangu alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani, na wageni wa pale walikuja na magazeti yao kutoka Ulaya, wakayasoma wamelala kifudifudi mchangani, na siku ya kuondoka wakayaacha vyumbani. Wenzake mjomba waliyatumia kuwashia majiko. Yeye alinichagulia yale yenye jalada la kuchorwa, akaniletea kila alipopata mapumziko, akiwa ameyafunga kwa kamba ya mkonge pamoja na mkate wa hoteli. Mkate niliwapa wengine.

Picha za kupigwa na mashine sikuzitaka. Hizo zilinionyesha kitu kilichokuwapo tu. Picha ya kuchorwa ilinionyesha kitu ambacho mtu alikaa kitako, akachovya brashi, akakitaka kiwepo. Nilikuwa na mwanamke aliyesimama juu ya ngazi akichuma matunda mekundu, na mbwa akimtazama kutoka chini kana kwamba ndiye msimamizi. Nilikuwa na mzee aliyesinzia kando ya mto huku samaki akiondoka na ndoana yake. Nilikuwa na watoto wenye kofia za sufu wakirushiana madonge meupe, nikawachukia kwa muda mrefu nikidhani wanachezea unga. Mjomba aliponieleza kwamba ni maji yaliyoganda na kuanguka kutoka mbinguni, nilimwambia asinifanye mjinga.

Baada ya uhuru yakaanza kuja magazeti ya Nairobi, ya Kiswahili, na jalada la kwanza la namna hiyo nililolipata lilikuwa la mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni na jembe begani, nyuma yake bendera mpya. Leso alikuwa amejifunga vibaya, vile wanavyojifunga watu wa bara, na ningeweza kumwonyesha yule mchoraji makosa yake matatu hapo hapo. Lakini alikuwa mweusi kama mimi. Nilimweka juu ya Wazungu wote.

Nilikuwa na masharti yangu. Jalada halikunjwi, halikatwi, halitazamwi na mtu aliyekula embe kabla hajanawa. Rafiki yangu wa chuoni, tulikosomea Kurani, alimkata kichwa msichana wa baiskeli wa jalada langu moja ili akibandike kwenye daftari lake, nami sikusema naye mwezi mzima, tangu mfungo tano mpaka mwezi wa Maulidi. Watu walisema nina roho mbaya. Nilikuwa nayo, kwa mambo ya magazeti.

Tatizo langu lilikuwa bibi. Mama alikuwa ameolewa tena Majoreni, na mimi niliachwa Munje ili nimchangamshe bibi, asikae peke yake. Tulikaa vizuri. Alinipenda na kunitania, akinisuka nywele huku akinisimulia aibu za watu wote wa mtaani. Lakini juu ya picha alikuwa na msimamo wake, nao ulikuwa msimamo wa watu wote: malaika hawaingii katika nyumba yenye picha. Sanduku langu la magazeti lilikuwa chini ya kitanda, na kitanda chetu kilikuwa hatua tatu kutoka mahali alipotandika msala wake.

Kwanza alisema kwa upole. Kisha akasema kwa ukali. Kisha akaacha kusema, na hapo ndipo nilipopaswa kuogopa. Siku moja nilirudi kutoka chuoni nikamkuta mwanamke wa ngazi anaivisha mbaazi. Ngazi ilikuwa imekwisha kuungua, na mbwa, na matunda yote mekundu. Nilipiga kelele hata majirani wakaja mbio wakidhani kuna nyoka.

"Ramadhani inakuja," bibi akaniambia, akikoroga chungu chake bila haraka. "Mwezi huo nawataka malaika wote waingie humu, wa kwangu na wa jirani. Sanduku lako ukilitoa nje, vyema. Usipolitoa, kuni zangu ni chache."

Sikuwa na pa kulipeleka. Majoreni baba wa kambo hakuwa mtu wa karatasi. Kwa rafiki yangu kulikuwa na mkasi.

Sasa, kulikuwa na duka la Mshihiri mmoja, Mwarabu wa Hadhramaut, njia ya Msambweni, aliyeuza kahawa, haluwa na tende. Tende alizifunga katika karatasi aliyochana kutoka kwenye magazeti ya Misri, yaliyomfikia sijui kwa njia gani, na jambo hilo liliwaudhi sana wanawake wa kwetu. Kwetu karatasi yenye herufi za Kiarabu haikanyagwi wala haitupwi. Ukiiona njiani unaiokota, unaibusu, unaigusisha kwenye kipaji cha uso, kisha unaichomeka mahali pa juu, katika ufa wa ukuta au kati ya makuti, maana hujui kama humo hamna jina la Mungu. Nyumba zetu zilijaa karatasi hizo. Mimi nimeona kwa macho yangu kifuniko cha pakiti ya nyembe kimehifadhiwa juu ya mlango kwa miaka. Mshihiri, kwa kuwa Kiarabu ndicho alichotukanwa nacho na mamake, hakuona ajabu yoyote. Kwake yeye karatasi ilikuwa karatasi.

Nilikwenda kununua tende za Ramadhani nikaona gazeti moja kwenye kaunta, limebaki karibu zima. Jalada lake lilikuwa la kuchorwa. Mwanamke mnene wa uso, nywele wazi, anacheka na kipande cha tikiti maji mkononi, maji yake yakimchuruzika kidevuni. Sijapata kuona mpaka leo mtu wa kuchorwa mwenye furaha kama ile. Ukurasa wa nyuma ulikuwa umekwisha kuchanwa kufungia tende za mtu mwingine, kwa hiyo upande ule haukuwa na picha, ila maandishi matupu kutoka juu hadi chini. Nilimwomba, akanipa pamoja na tende, akicheka.

Njiani ndipo nilipopata wazo. Sikulipata kwa shetani, kama nilivyojitetea baadaye. Nililipata mwenyewe, karibu na kisima, na nikalifurahia.

Nilipofika nililivuta sanduku, nikaliweka gazeti la Misri juu ya mengine yote, maandishi yakiwa juu na mwanamke wa tikiti akiwa amelala kifudifudi. Kisha nikakaa nje kusuka ukili wa mkeka. Bibi aliingia, akaliona sanduku halijaondoka, akainama akiwa tayari kulivuta kulipeleka jikoni. Kisha nikasikia: "Bismillahi."

Nilipochungulia, alikuwa amepiga magoti. Alilibusu lile gazeti, akaligusisha kipajini mara tatu, akalirudisha mahali pale pale kwa mikono miwili. Sikutegemea kwamba angelinyanyua sanduku zima. Lakini kitu kile hakikufaa kukaa sakafuni, na kukitenga na vingine hakuthubutu, asije akakivunjia heshima kwa kukipindua-pindua. Tukalipandisha sanduku sote wawili juu ya kabati lake la mvule. Kabati hilo ndimo msahafu ulimokaa, na miguu yake minne ilisimama ndani ya makopo ya maji na mafuta taa, ili mdudu asipande. Hiyo ndiyo siri ya utunzaji wangu.

"Na zile picha, bibi?" nilimwuliza, maana nilitaka kuwa na hakika.

"Maadamu ziko chini ya maneno haya," akasema, "hazina nguvu."

Mwezi wote wa Ramadhani bibi alijaribu kuyasoma maandishi yale. Alikuwa amehitimu chuo utotoni na msahafu aliusoma kwa sauti nzuri, kila herufi na irabu yake, ingawa maana yake, kama sisi sote, hakufundishwa. Maandishi ya gazeti hayakuwa na irabu. Alisimama kwenye kigoda, akaweka kidole, akasoma herufi mojamoja, akakwama. Alishuka akiwa na heshima zaidi kuliko alivyopanda. "Haya si ya watu kama sisi," akaniambia. "Haya ni ya wanavyuoni. Wao hawahitaji irabu."

Habari zikaenea. Jirani mmoja akaja kuliomba gazeti, mtoto wake ana homa. Bibi akampelekea mwenyewe, limefungwa kwa kanga mpya, likalazwa kwenye mto wa kulalia wa mtoto. Mtoto alipona. Alikuwa amepewa na dawa ya hospitali, lakini dawa haikusifiwa na mtu. Sitasema uongo kwamba nilijuta. Mjomba aliendelea kuniletea magazeti, nikaendelea kuyapandisha juu ya kabati, chini ya maneno yasiyo na irabu, na bibi alinishikia kigoda. Siku zile zilikuwa njema sana kwangu.

Mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukaja, na hitima ya babu, aliyekuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Bibi alimwalika maalimu mmoja aliyesoma Unguja miaka mingi na kukielewa Kiarabu hasa. Walipomaliza kusoma na pilau ikaliwa, bibi akaniagiza niliteremshe lile gazeti. Alilipokea, akampelekea maalimu kwa mikono miwili, mbele ya wanawake wote waliokuwa wamekaa mlango wa ndani. "Maalimu," akasema, "hiki kimekuja nyumbani kwangu, nami sijui kusoma kisicho na irabu. Twambie ni nini."

Maalimu akasoma. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, kisha ndevu zake zikaanza kutikisika kidogo. Akashusha macho pembeni mwa jalada, pale ambapo pindo jekundu la tikiti lilikuwa linachungulia. Akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama na birika, nikisubiri kuanguka.

"Hiki," akasema polepole, "ni kisa cha mwanamke mwenye subira."

"Mashaallah," wanawake wakaitikia.

Nilipokuwa nikimmiminia maji ya kunawa, nje ukumbini, aliniambia kwa sauti ya chini. Ule ulikuwa ukurasa wa barua za wasomaji. Mwanamke mmoja aliandika kwamba mumewe anakoroma, kwamba hajalala usingizi kamili tangu aolewe, na kwamba anaomba ushauri. "Mimi sikusema uongo," akasema, akijifuta mikono. "Lakini sitasema zaidi. Aliyekiweka ndiye atakayekiondoa."

Nilikusudia kukiondoa. Nilikusudia siku ile, na kesho yake. Sikuwahi. Juma hilo bibi alitoa sanda yake kuianika. Wazee wa kwetu huinunua mapema, huiweka sandukuni pamoja na udi na marashi na pamba, na mara moja kwa mwaka huitoa ipate jua. Mimi nilizoea kumsaidia bila kuogopa, tulikuwa tukiikunja kama mashuka mengine. Safari hii, alipoirudisha, alikwenda kulichukua gazeti la Misri na kulilaza katikati ya mikunjo.

"Siku yangu ikifika," akaniambia, "hiki kiwekwe kifuani pangu ndani ya sanda. Wanaume watasahau, na mama yako yuko mbali. Nakupa wewe. Ni amana."

Amana si neno la mchezo kwetu. Mtu huweza kupoteza mali yake akacheka, lakini amana humfuata. Nikamwona bibi yangu, aliyeniogesha na kunilisha, anakwenda mbele ya Mola wake na malalamiko ya mwanamke wa Misri kifuani, na mwanamke wa tikiti maji, kichwa wazi, akicheka upande wa pili. Na ni mimi niliyefanya hivyo, kwa ajili ya karatasi. Nikisema, magazeti yote yatakwenda jikoni, hilo nilikuwa na hakika nalo. Nisiposema, nitakuwa mtu wa namna gani? Nilikonda siku nne. Bibi akadhani nina minyoo, akaniandalia dawa.

Siku ya tano asubuhi alikuwa jikoni juu ya mbuzi, anakuna nazi. Niliingia nalo mkononi.

"Bibi, hii si ya dini."

Aliendelea kukuna. "Nani kasema?"

"Maalimu. Aliniambia nje."

"Maalimu alisema ni kisa cha mwanamke mwenye subira. Nilikuwapo."

"Ndiyo, bibi. Ana subira kwa sababu mumewe anakoroma. Aliandika gazetini kuuliza afanyeje."

Mkono wake ukasimama. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuanza, nikaligeuza. Nikamwonyesha mwanamke wa tikiti. Nikamwambia yote: duka, kisima, sanduku, na kwamba nilijua tangu mwanzo ni gazeti tu. Nilikuwa nalia na makamasi yananitoka, na maneno mengine nadhani hakuyasikia.

"Ukaniacha nikalipeleka kwa mtoto wa watu mgonjwa," akasema. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. "Ukaniacha nikalitia ndani ya sanda yangu."

"Nilitaka usiyachome."

Alilichukua gazeti, akalitazama lile jalada kwa muda, akiwa amelisogeza mbali kidogo kwa sababu ya macho yake. Nilikuwa naliangalia jiko, na moto, na umbali baina ya moto na mkono wake.

"Ndiye huyu?" akauliza.

"Sijui, bibi. Huyu ni wa picha tu."

"Ndiye," akasema. "Mtazame macho. Hajalala." Kisha akauliza, "Alijibiwa nini?"

Sikuwa nimefikiria kwamba alijibiwa. Bibi akanirudishia gazeti. "Nenda kamwulize maalimu huyo mwanamke alijibiwa nini. Usirudi bila jibu."

Nilikimbia. Maalimu alisoma ukurasa ule tena, akalitafuta jibu, akaniambia halipo. Barua inaishia pale, na majibu yalikuwa katika ukurasa uliofuata, ule uliochanwa. Kwa hiyo jibu la mwanamke yule lilifungia tende za mtu fulani wa Msambweni, likalowa, likatupwa, au liko katika ufa wa ukuta mpaka leo. Nilirudi kwa mwendo wa polepole. Bibi alikuwa anakamua tui, mikono yake yote miwili ndani ya kung'uto. Nikamweleza.

"Kwa hiyo hatujui," akasema.

"Hatujui, bibi."

Akakamua kidogo. "Babu yako alikuwa akikoroma," akasema. "Kuku walikuwa wakihama upande wa pili wa nyumba. Nilimsukuma, nikamziba pua, nikahamisha mkeka wangu ukumbini. Miaka yote ile namwomba Mungu amnyamazishe." Akalimimina tui chunguni, akakung'uta mikono. "Sasa amenyamaza. Na mimi nakaa macho namsikiliza."

Nilikuwa mtoto, na nilikuwa nimedhani kwamba anachelewa kulala kwa ajili ya uradi, zile dua zake za usiku.

"Wewe umekwenda shule," akasema. "Mwandikie."

"Nani, bibi?"

"Huyo mwanamke. Mwandikie amwache akorome."

Nikamwambia hatujui anakaa wapi, na gazeti lenyewe ni la zamani, na Kiswahili hakijui. Akanitazama kama anavyomtazama mtu anayepoteza wakati. Nikachukua penseli, nikakaa chini pale jikoni, nikaandika pembeni mwa barua yake, kwa zile herufi kubwa za shule: Mwache akorome. Alinitaka nimsomee. Nikamsomea. Akanitaka nimsomee tena, polepole, huku ameweka kidole juu ya maneno.

Kisha akafuta mikono, akanawa, akaenda na gazeti chumbani. Nilimfuata nikaona amepanda kigoda mwenyewe. Sandani halikurudi. Alilirudisha ndani ya sanduku, juu ya kabati, na mwanamke wa tikiti akiwa juu.